Nailoni ya milioni mbili: PPF kwenye CX-5 nyekundu, Dar hadi Dodoma

Mwenye Mazda CX-5 ya ule wekundu unaowaka anajua kwa nini naanzia kwenye rangi. Msimbo wake ni 46V, Mazda wenyewe wanaiita Soul Red Crystal, na ilitoka na CX-5 ya kizazi cha pili iliyoonyeshwa Los Angeles mwishoni mwa 2016. Chini kuna tabaka lenye chembe ndogo za alumini za kurudisha mwanga, juu yake tabaka jekundu linalopitisha mwanga, halafu kliya, lile ganda angavu la mwisho. Ndiyo maana mchana inawaka na jioni mikunjo ya milango inaonekana karibu nyeusi. Na ndiyo maana inawatoa jasho mafundi wetu: lile tabaka la kati likizidi au likipungua kidogo tu, boneti inakuwa na wekundu wake na fenda na wekundu wake. Simama pale taa za Mwenge, haitapita muda utaiona moja, na utajua iligongwa upande gani hata kama mwenyewe hakwambii.

Kwa gari jeupe au la fedha ningekwambia usisumbuke na PPF, ile filamu angavu inayobandikwa juu ya rangi kuikinga na mawe. Kupiga rangi boneti kwenye gereji ya mtaani hapa Dar nimetajiwa laki mbili, laki mbili na nusu, na kama fundi ana oveni ya kukaushia unaongeza kidogo. Ikichakaa unapiga tena. Kwa gari la namna hiyo hesabu ya PPF haikai. Kwenye 46V inakaa, kwa sababu ukishaipoteza rangi ya kiwandani sijaona hapa mjini wa kukurudishia ileile. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaonisimamisha sheli kuniuliza kama ni kweli nimetoa milioni mbili na laki tatu kwa karatasi isiyoonekana. Ni kweli. Ningezitoa tena, ila si kwa gari zima, na si kwa kila fundi.

Mimi nasambaza dawa za binadamu kwa jumla. Wateja wangu wametapakaa kuanzia Morogoro mjini, Dumila, Gairo, Kibaigwa mpaka Dodoma, na madeni hayakusanywi kwa simu. SGR naipenda, nikiwa na kikao Dodoma napanda treni na kulala usingizi wangu mzuri, lakini reli imepita kusini, Gairo na Kibaigwa haizigusi. Kwa hiyo maisha yangu ni barabara ya Morogoro, na anayeijua anakijua kile kipande cha kutoka Kibaha: malori ya Zambia, ya Lubumbashi, ya Kigali na ya Bujumbura yote yamo mle, mpaka yaje kuachana pale Msamvu. Jiwe likinaswa kati ya matairi mawili ya semitrela halikai. Lori likishika kasi linachomoka, na wewe uliye nyuma ndiwe unayelipokea. Mnaopishana ndiyo mbaya zaidi, maana kasi yake na yako zinajumlishwa. Gari langu la kwanza, Premio ya fedha, lilikuwa na boneti yenye vinukta kila mahali, na kwa chumvi ya hewa ya Dar kila kinukta kiligeuka kahawia kabla sijapata nafasi ya kumwona fundi.

Mume wangu aliposikia bei aliuliza kama sasa tunalivalisha gari nailoni kama makochi ya wageni ya mama yake. Tukacheka. Lakini nailoni siyo.

Filamu yenyewe ni poliyurethani, aina inayovutika na kurudi, na wauzaji wanaiandika TPU. Unene wake wa kawaida ni kama maikroni 150 hadi 200 (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja). Rangi yote ya kiwandani, kuanzia kwenye bati mpaka juu ya kliya, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150. Maana yake filamu ni nene kuliko rangi inayoilinda, na ule uvutikaji ndio unaolipunguza nguvu jiwe kabla halijafika chini. Asili yake ni ya kijeshi: kampuni ya 3M waliitengeneza kwa ajili ya jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, kukinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga. Miaka hiyo haikuwa nzuri kuitazama na ilikuwa inageuka njano. Za sasa zina ganda la juu ambalo mikwaruzo midogo ikipata joto inajifuta, na hilo nimelishuhudia, nitalieleza.

Kabla ya hapo niseme kuhusu seramiki, maana ndiyo inayowachanganya watu, na wauzaji wengine wanapenda wachanganyikiwe. Seramiki ni dawa ya maji inayopakwa na kukauka. Inabaki ganda jembamba mno, maikroni chache tu kwa wakarimu. Inafanya maji yateleze, tope lising'ang'anie, gari ling'ae. Jiwe la Chalinze hailizuii hata kidogo. Nilikaa kwenye ofisi moja nikaelezwa na kijana aliyevaa vizuri kwamba seramiki yao ya "tabaka tisa" inakinga kokoto. Nikamwomba anionyeshe gari moja la safari alilolipaka mwaka jana. Akaniletea soda.

Nilizunguka kidogo kabla ya kuchagua, na bei zilinishangaza kwa kutofautiana. Duka moja lilinipa gari zima kwa bei ambayo wengine walitaka kwa boneti na bampa peke yake. Nikaomba kipande cha roli lao, nusu kiganja, wakanipa. Karakana niliyoishia kwenda, iliyoko Mikocheni, nayo ikanipa kipande chake. Fundi mkuu, mtu wa makamo mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni muda wote, alivichukua vyote viwili akaviweka mezani.

"Vuta hiki, mama."

Nikakivuta cha kwake. Kikarefuka karibu mara mbili, nikakiachia, kikarudi taratibu mpaka kikalala.

"Sasa vuta hicho ulichokuja nacho."

Hicho kilivutika kwa shida, kikaacha mstari mweupe katikati, na hakikurudi. Ni PVC, akaniambia, ileile familia ya stika za kwenye daladala, ila haina rangi. Akachukua waya wa shaba wa brashi akakwaruza vyote, halafu akamimina maji ya moto ya chupa ya chai. Kwenye TPU mikwaruzo ilipotea mbele ya macho yangu, sekunde chache tu. Kwenye PVC ilibaki ilivyo. Hakuna maelezo ya kwenye simu yangenishawishi kuliko ile chai. Kama unakwenda kununua huduma hii, omba kipande, kivute, kikwaruze, kimwagie maji ya moto. Anayekataa kukupa kipande amekwishakujibu.

Jina la karakana siliweki. Fundi alinipunguzia laki mbili kwa sababu dada yake ana duka la dawa ninalolihudumia, na sitaki sifa zangu zionekane ni marejesho. Nitakachosema vibaya pia wanakijua, nimewaambia wenyewe.

Jambo lililonifanya niwaamini halikuwa filamu. Kabla hata ya kuniandikia bei, fundi alitoa kipimo cha unene wa rangi, kidude kidogo kama rimoti, akaanza kukigusisha kwenye gari huku kijana wake anaandika. Boneti: 108, 112, 110. Fenda ya kushoto 115. Fenda ya kulia 236.

"Hii imepigwa rangi," akasema. "Na aliyeipiga anaijua kazi, mimi kwa macho nisingeiona."

Nilikuwa na karatasi ya mnada ya Japani kwenye simu, ile inayokuja na mchoro wa gari na herufi zake. A ni mkwaruzo, U ni kibonyo, W ni mahali palipotengenezwa, na namba inaonyesha ukubwa. Fenda ya kulia ilikuwa na W1. Kwa hiyo ilirekebishwa hukohuko kabla halijapanda meli, na waliifanya vizuri kiasi kwamba nimeishi nayo bila kuitofautisha. Fundi hakuridhika na hilo. Akanieleza kwamba gundi ya filamu inashika kweli, na rangi ya kiwandani imeokwa kwa joto kali ikashikana na bati, lakini rangi ya kurudia haina uhakika huo. Siku ya kuibandua, filamu inaweza kuondoka nayo. "Nikuandikie hapa usaini kwamba umeelezwa, au tuiruke fenda hii." Nilisaini. Rangi ya Japani niliiamini. Ingekuwa imepigwa chini ya mwembe mtaani Gerezani ningeiruka.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia, maana magari yetu karibu yote ni ya mkono wa pili na mengi yameguswa. Ukienda mahali wakakubandikia bila kupima rangi, jua hawajali siku ya kubandua itakuwaje. Na kama umetoka kupiga rangi juzi, subiri. Rangi mpya bado inapumua kemikali zake, ukiifunika mapema inavimba malengelenge. Mafundi wengi wanataka angalau mwezi. Bampa, kwa taarifa, ni plastiki, kile kipimo hakilisomi, pale unategemea macho na uaminifu.

Tulikubaliana mbele tu: boneti nzima, bampa, fenda mbili, saiti mira, taa kubwa, na vile vikombe nyuma ya vishikio vya milango ambako kucha na pete zinakwangua. Gari zima walitaka zaidi ya milioni saba. Sioni sababu. Mawe hayaji kwa nyuma, na paa la gari langu linapigana na kinyesi cha kunguru, siyo na kokoto.

Kazi nilikaa kuitazama, kwa sehemu. Kuosha peke yake kulikula nusu siku. Kwanza sabuni, kisha dawa inayogeuka zambarau ikikutana na vumbi la chuma linalotoka kwenye breki, nikashangaa rimu zangu na nusu ya mlango vinavuja zambarau. Kisha wakasugua na ule udongo laini wa kusafishia rangi, mpaka ukipitisha kiganja unasikia kioo. Mwisho wakafuta na spiriti. Sakafu ya chumba walikuwa wameimwagia maji ili vumbi lilale, feni imezimwa, na mimi nikaambiwa kwa adabu nikae nje ya mstari mwekundu kwa sababu ya khanga yangu. Nyuzi, mama, nyuzi ndiyo adui.

Roli la filamu lina upana wa sentimita 152, kwa hiyo boneti ya CX-5 inaingia kipande kimoja bila kiungo. Walishika watu wawili, mmoja kila upande, wakamenya karatasi ya nyuma huku wa tatu anapulizia gundi maji yenye matone ya shampuu ya watoto. Boneti nayo imeloweshwa. Filamu ikalala juu ya maji ikawa inateleza, unaisogeza utakavyo. Hapo fundi akavaa miwani yake. Akaanza katikati na kibao cha mpira, akikamua maji kuelekea pembeni, pigo moja fupi baada ya jingine, kila pigo likipanda kidogo juu ya lililotangulia. Alipofika kwenye mkunjo wa boneti akabadilisha chupa, akapuliza maji yenye spiriti ambayo yanaifanya gundi ishike palepale, akavuta ukingo kwa vidole vitatu, akaunyoosha, akaushikilia. Hakuna aliyeongea. Umeme ukakatika. Hakuinua hata kichwa, akasema tu "jenereta", kijana akatoka mbio, na yeye akabaki ameushikilia ule ukingo gizani mpaka taa zikarudi na mashine ya kupuliza joto ikawaka. Kisha akakunja ukingo ndani, chini ya boneti, ukapotea. Ukifungua boneti unaupata kwa ukucha, ukiifunga huuoni.

Kule kukunja ndani ndiko unakokulipia. Ukiona kazi iliyokatwa milimita chache kabla ya ukingo, utaona mstari, na baada ya safari mbili za vumbi la Gairo mstari unakuwa mweusi. Kukunja kunataka filamu ya ziada na muda, na vipande vya kompyuta peke yake mara nyingi haviachi ziada ya kutosha. Wao wana plota, mashine ya kukata kwa violezo vya kompyuta, waliitumia kwenye taa, saiti mira na bampa. Boneti na fenda walifanya kwa mkono. Cha kuuliza ni kimoja: wembe utagusa gari langu? Walikuwa wanatumia uzi mwembamba unaobandikwa chini ya filamu kisha unavutwa unaikata kutokea ndani. Kwenye bampa hawakuutumia, na bampa ndilo lililoleta maneno.

Kiolezo cha bampa kilikuwa cha CX-5 ya soko jingine. Matundu ya sensa za kuegesha hayakukaa mahali pake. Badala ya kukata kipande kipya wakakivuta kile mpaka kikafika, na sehemu ya chini, kwenye kona ya taa ya ukungu upande wa kushoto, wakamalizia kwa mkono. Filamu iliyovutwa kupita kiasi ina kumbukumbu, inataka kurudi ilikotoka. Haukupita muda kona ile ikaanza kunyanyuka, vumbi likaingia, likafanya ndevu nyeusi. Nikapiga simu. "Njoo kesho mama." Kesho fundi mwenyewe amekwenda Zanzibar. "Njoo Jumatatu." Jumatatu roli limekwisha. Hapo niliacha upole wangu mlangoni. Mwishowe walibandua filamu ya bampa zima wakaweka nyingine bila senti, na hii ya pili imekaa, lakini ilinibidi nitaje neno waranti kwa sauti mbele ya mteja mwingine aliyekuwa anaandikiwa bei. Kazi ya mikono yao naipa alama za juu. Ya simu yao, za chini kabisa.

Kuna na punje moja ya vumbi chini ya filamu ya boneti, upande wa dereva, karibu na kioo. Niliiona siku ya kuchukua gari, nikamwonyesha. Akaipapasa, akasema ukweli: haitoki bila kutupa kipande kizima cha boneti, akitupa na kurudia inaweza kuingia nyingine. Nikaiacha. Nikiwa nimekaa ndani naiona kila nikisimama kwenye foleni ya Ubungo. Abiria hawaioni. Anayekuahidi kazi isiyo na punje hata moja, kwa vumbi la mji huu, msikilize kwa sikio moja.

Siku za mwanzo usishtuke. Boneti ilitoka na ukungu na vimifuko vidogo vya maji, mume wangu akasema nimeibiwa. Ni maji yaliyobaki, yanatoka yenyewe kadiri filamu inavyokauka. Kwa jua la Dar, karibu wiki yalikuwa yamekwisha. Wiki hiyo usioshe gari. Baada ya hapo osha, ila waoshaji ndio wa kuwachunga. Pale Kibaha ninapooshea, kijana alikuja na bomba la presha akalilenga ukingo wa fenda, sentimita kumi. "Mdogo wangu, rudi nyuma na hilo bomba." "Mama usijali, hii ni kazi yetu." Kazi yao ndiyo inayobandua kingo. Sasa nashuka kwenye gari, nasimama pembeni, na tambara lililoanguka mchangani halirudi kwenye boneti yangu.

Hata hivyo tambara lenye mchanga lilikwishapita, nisingekuwa Tanzania vinginevyo. Boneti ilijaa ile mikwaruzo ya duara inayoonekana juani. Nikaegesha nje ya duka la mteja Dumila, saa saba mchana, jua la utosini, nikaingia kupiga hesabu ya deni lake, ambalo ni habari nyingine. Kutoka, mikwaruzo karibu yote imekwenda. Milango, ambayo haina filamu, bado inayo yake mpaka leo.

Na mawe? Yapo, yanakuja vilevile. Kati ya Chalinze na Morogoro, nikiwa nyuma ya lori lililokuwa limebeba mabati, nilisikia mlio ambao kwenye Premio ungenifanya nisimame. Nilisimama Msamvu. Kwenye mdomo wa boneti filamu ilikuwa imetoboka, milimita tatu hivi, kingo zake zimechanika kama nyota. Chini yake rangi ina kibonyo kidogo, lakini nyekundu ipo, bati halijaonekana. Hilo ndilo pekee lililopenya. Mengine mengi yameacha vidoti vya duara vinavyoonekana ukiinama na mwanga ukiwa pembeni, na baadhi vimejaa vyenyewe. Kwenye bampa sijahesabu, na sina haja. Kioo cha mbele hakikuwa na bahati hiyo, kimepata ufa wake pale Bwawani, barabara hiyohiyo. Hii filamu haikilindi kioo, ipo ya kwake, ni bidhaa nyingine na bei nyingine.

Safari za usiku kutoka Dodoma zinaacha wadudu waliopasuka bampa zima. Zamani walikuwa wanakula kliya wakiachwa mpaka kesho. Sasa wanalowekwa kidogo, wanafutika. Kunguru wa Tabata ni wakali zaidi: kinyesi kikikaa juani siku nzima kinaacha kivuli kwenye filamu, hivyo usidhani umepata ruhusa ya kulala. Utomvu wa mwembe unatoka kwa spiriti kidogo.

Kuhusu waranti, watu wanatajiwa miaka kumi wanaondoka wamefurahi. Soma kinachokingwa. Kwa kawaida ni filamu kugeuka njano, kupasuka, kububujika au kubanduka yenyewe. Jiwe halimo. Na miaka kumi inaandikwa na kiwanda, anayeitekeleza ni aliyekubandikia, kama bado yupo kwenye lile fremu alilopanga. Nilidai namba ya roli iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya gari, na jina la wakala aliyeliingiza nchini. Mhasibu wao alinitazama kama mkaguzi, akaandika.

Sasa hivi kinachoniudhi ni nyuma. Boksi za dripu ni nzito, vijana wangu wanazikokota badala ya kuzinyanyua, na mdomo wa bampa la nyuma, pale zinapopita kuingia buti, umeshapata michubuko. Fundi anasema kipande kile kinatoka kwenye masalia ya roli, laki moja na nusu, akiwa na mimi tu kwa siku hiyo. Nimemwambia laki moja. Amesema tutaongea. Tutaongea baada ya ada za shule za Januari.